Helikopta yenye panga moja: inaruka, ila ngoja nikuonyeshe shida iko wapi

Juzi nimeulizwa tena lile swali, na safari hii na mtu anayejua injini vizuri tu: hivi helikopta inaweza kuruka na panga moja? Nikamuuliza, panga moja kwa kuwa imeundwa hivyo, au panga moja kwa kuwa jingine limekatika? Akafikiri kidogo akasema si yaleyale tu. Hapana, si yaleyale, hayo mambo mawili hayana hata undugu, na ndo kilichonifanya nikae niandike.

Mi kazi yangu ni mitetemo ya rota, yaani ule mfumo wa mapanga unaozunguka juu ya helikopta. Rubani akileta chopa analalamika inamtikisa, nafunga vihisi vya mtetemo, kimoja karibu na kiti, kingine juu kwenye giaboksi, tunawasha, nasoma namba, naongeza washa, vile vichuma vidogo vya duara vya kusawazisha uzito, hapa napunguza pale, tunawasha tena. Siku nzima inaweza kuisha hivyo kwa ajili ya gramu chache na mtu asiyejua akipita anaona kama tunacheza.

Kuna moja ilinisumbua siku mbili. Ndogo, ya mapanga mawili, jana yake ilikuwa safi kabisa, ikaoshwa, ikapakwa nta, asubuhi ikawa inatikisika mpaka sindano za dashibodi hazisomeki. Nikakagua bolti zote, nikakagua bawaba, nikakagua fimbo zinazogeuza mapanga, kila kitu sawa. Mwisho nikapitisha kidole kwenye ncha ya panga moja, pale penye kitundu cha kutolea maji, nikakuta kimezibwa na nta. Nikachokoa na kiwaya, maji yakatoka, gramu 20 hivi, yaani vijiko vinne vya chai. Unaona kidogo, lakini kwenye ncha ya panga la mita 3.8 linalozunguka mara 510 kwa dakika, gramu 20 zinavuta kitovu kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 22, na mvuto huo unazunguka mara 8 na nusu kila sekunde. Basi shika hiyo ya vijiko vinne vya chai, halafu twende kwenye panga zima.

Tuanze na lililokatika maana halina mjadala mrefu. Chukua chopa ya saizi ya Robinson R22, uzito wa juu kilo 622, mapanga mawili. Tuseme kila panga lina kilo 12 na kitovu cha uzito wake kiko mita 2 kutoka katikati. Kwa mizunguko 510 kwa dakika, panga hilo linavuta kwenda nje kwa nguvu ya karibu tani 7. Tani 7, kwenye chombo ambacho chenyewe hakifiki hata tani moja! Sababu hatuisikii kila siku ni kwamba panga la pili linavuta tani 7 zilezile upande wa pili, ni kama timu mbili za kuvuta kamba zenye nguvu sawasawa, kamba imekazika mpaka inalia lakini haisogei. Timu moja ikiachia ghafla unajua kinachotokea. Hapo huzungumzii tena kuruka kwa taabu au kutafuta pa kutua, giaboksi inang'oka pale ilipofungwa kabla rubani hajajua nini kimempata. Na usidhani ukiwa na mapanga matano utapona kwa kuwa yamebaki manne, mvuto ule wa panga lililoondoka hauna wa kuupinga, hesabu ni ileile.

Sasa lililoundwa makusudi. Hapa jibu ni ndiyo, inaruka, na imesharuka.

Unachofanya ni kuweka kisawazishi, kipande kizito upande usio na panga. Sheria yake rahisi: uzito mara umbali lazima ulingane pande zote mbili. Panga letu la kilo 12 kwenye mita 2 ni 24, kwa hiyo ukitaka kisawazishi kikae sentimita 60 kutoka katikati unahitaji kilo 40. Ukikileta karibu zaidi, sentimita 30, ni kilo 80. Ukikipeleka mbali kinakuwa chepesi lakini sasa mkono wake ni mrefu, unakata hewa, unakula nguvu ya injini bure. Kwa hiyo umeondoa panga la kilo 12 ili kupunguza vitu, ukarudisha chuma cha kilo 40 kisichonyanyua chochote. Watu wengi wanaosifia wazo hili hawafiki kwenye mstari huo.

Lakini uzito si tatizo kubwa, nimeona watu wanabeba vitu vya ajabu zaidi kwenye ndege. Tatizo ni kwamba kisawazishi kinasawazisha uzito tu, hewa hakiisawazishi. Panga linanyanyua, kisawazishi hakinyanyui. Panga linakokota hewa, kisawazishi kinakokota kidogo tu na kwa namna yake.

Angalia nguvu ya kunyanyua kwanza. Yote iko upande mmoja, karibu robo tatu ya urefu wa panga, na upande huo unazunguka. Kama panga limefungwa kwa kukaza kwenye mhimili, mhimili utapindwa kila upande mara 8 na nusu kwa sekunde, utavunjika. Dawa yake ni bawaba katikati, panga na kisawazishi vinakuwa kama bembea ya watoto ya ubao mmoja: panga linapanda, kisawazishi kinashuka, na ile nguvu ya kuvutwa nje inajaribu kuunyoosha ubao urudi sawa. Kwa namba zetu ubao unatulia ukiwa umeinama nyuzi 5 hivi. Mpaka hapo pazuri, mhimili haupindwi tena, na mtu anaweza kudhani amemaliza.

Hajamaliza. Nguvu ya kunyanyua haiendi juu wima, inakwenda wima kwa panga, na panga limeinuka nyuzi 5, kwa hiyo kuna kipande kidogo cha nguvu kinachoelekea ndani, katikati. Kwenye mapanga mawili au zaidi vipande hivyo vinakutana na kufutana. Kwenye panga moja hakuna wa kukifuta. Kwa chopa yetu ni sawa na uzito wa kilo 50 hivi, zinazokuvuta mbele, kushoto, nyuma, kulia, mbele, bila kupumzika. Kumbuka yale maji ya kwenye ncha yalikuwa kilo 22 na sindano zilikuwa hazisomeki.

Fundi mjanja atasema basi punguza kisawazishi kidogo, panga livute nje zaidi kwa kilo 50, vifutane. Sawa, na inafanya kazi, nimeona hesabu zake na ziko sahihi, ila ni kwa mzigo mmoja tu. Ukikata kona kali na rota ikabeba mara mbili ya kawaida, nguvu ya kunyanyua inakuwa mara mbili na mwinamo wa panga nao unakuwa mara mbili, kwa hiyo kile kipande cha ndani kinakuwa mara nne. Kilo 50 zimekuwa 200, kisawazishi chako bado kinahesabu 50. Ukishusha mzigo kinyume chake. Na ukokotaji wa hewa nao unabadilika kila ukigusa mkono wa kupandisha na kushusha chopa, huo nao hauna mwenzake upande wa pili. Yaani umesawazisha chopa ya hali moja ya hewa, mzigo mmoja, mwendo mmoja.

Halafu ukianza kwenda mbele panga linakutana na upepo mwingi upande mmoja na mdogo upande wa pili. Bawaba inasaidia sana hapo, panga linapanda na kushuka lenyewe na kupunguza tofauti, lakini haimalizi yote. Kwenye rota ya mapanga manne mitetemo mingi inamalizana yenyewe kwa yenyewe kwenye kitovu, inayofika kwenye kiti ni michache na ya kasi. Panga moja halina chujio, kila kitu kinashuka kwako, na kinashuka kwa mara 8 hivi kwa sekunde, karibu kabisa na ile mitikisiko ambayo mwili wa binadamu unaichukia zaidi, ya mara 4 hadi 8.

Wazo lenyewe ni la zamani. Tarehe 31 Machi 1915 kule Ufaransa, kwenye ziwa Cercey, wavumbuzi Papin na Rouilly walijaribu mashine yao ya panga moja kubwa lenye uwazi ndani. Injini ya Le Rhône ya nguvu za farasi 80 ilisukuma hewa ipite ndani ya panga itokee kwenye ncha, na rubani alikaa katikati. Walikuwa wameiga zile mbegu za bawa moja zinazoshuka zikizunguka, kama za mti wa maple. Ilifika mizunguko 47 kwa dakika, ikakosa usawa, panga likawa linapiga maji, rubani akaiacha na ikazama. Mbegu inaweza kwa sababu haina mhimili wala abiria, inazunguka yote nzima kuzunguka kitovu chake cha uzito, kokwa ndo kisawazishi. Kuna droni ndogo zinazofanya hivyohivyo na zinaruka vizuri sana, ila hakuna anayetaka kukaa ndani yake.

Wakati wa vita kuu ya pili Nagler na Rolz wa Austria walikuja na akili ambayo mi naiheshimu, kwenye helikopta yao NR 55: kama lazima ubebe uzito upande wa pili, basi uzito huo uwe injini. Injini ikazunguka pamoja na rota, ikiendesha vipangaboi vidogo. Fikiria tu mafuta na oili ndani ya injini inayozungushwa namna hiyo, fundi wake sijui alilala saa ngapi.

Iliyofanikiwa hasa ni ya Ujerumani. Kampuni ya Bölkow ilitengeneza Bo 102, ya kufundishia marubani, panga moja la faibaglasi na kisawazishi, lakini imefungwa kwenye stendi, inanyanyuka kidogo, inainama, inageuka, haiondoki. Kisha ikaja Bo 103 ya kiti kimoja, bila stendi, ikaruka mwaka 1961. Kwa hiyo akikwambia mtu haiwezekani, mtajie hiyo. Na akikwambia ni teknolojia ya kesho, mwambie kampuni hiyohiyo ilipotaka kuuza helikopta ikatengeneza Bo 105, iliyoruka 1967 ikiwa na mapanga manne, ya faibaglasi pia.

Utasikia pia kwamba panga moja ni bora kwa sababu linapita kwenye hewa safi isiyovurugwa na panga la mbele yake. Kwa vitu vidogo kuna ukweli kidogo, panga moja pana linafanya kazi vizuri kuliko mawili membamba sana. Kwa chopa ya kubeba watu siuchukulii uzito huo mjadala, nguvu unayohitaji kusimama hewani inategemea zaidi ukubwa wa duara la rota, na kadiri mapanga yanavyopungua hewa inayovuja kwenye ncha inazidi.

Mahali ambapo mi mwenyewe ningeweka panga moja bila kusita ni pangaboi la glaida, ndege ya kuelea hewani, yenye injini ya kujificha, kama Silent 2 ya Alisport. Pale rubani anatumia injini dakika chache tu mpaka apate kimo, mtetemo anauvumilia, akifika anazima, panga linasimamishwa wima na mlingoti wote unalala ndani ya mwili wa ndege kwenye mwanya mwembamba. Pangaboi la mapanga mawili lingehitaji shimo refu zaidi.