Kifaduro kwa Kichanga: Usisubiri Mlio

Mtoto wa wiki tano amelazwa wodini kwa nimonia. Raundi ya madaktari inapopita asubuhi amelala kwa utulivu, homa hana, na kifua kikisikilizwa hakina la ajabu. Mama yake anasema, "Dokta, usiku alizima." Neno hilo tusilipite haraka.

Wengi tunakijua kifaduro kwa mlio: mtoto hukohoa mfululizo mpaka pumzi imwishie, halafu huivuta kwa sauti kali kama jogoo anayejifunza kuwika. Kichanga wa chini ya miezi mitatu mara nyingi hana nguvu za kutoa mlio huo. Wengine hata hawakohoi sana. Huacha kupumua tu kwa sekunde kadhaa, wakalegea. Kikohozi kikimshika, ulimi hutoka nje, macho hujaa machozi, ute mzito humjaa mdomoni, na mwisho hutapika maziwa yote. Kwa mtoto mweusi usitafute ubluu wa kukosa hewa usoni. Tazama midomo, ulimi na fizi. Baada ya hapo hutulia kama hakuna lililotokea, na ndiyo maana raundi humkuta mzima.

Kwa hiyo mama, kama una simu, mrekodi anapokohoa, ila kwanza mwite sista. Sekunde ishirini za video zimewahi kunifundisha zaidi ya picha ya eksirei.

Kwenye kipimo cha damu, chembechembe nyeupe aina ya limfosaiti zikipanda mno kwa mtoto asiye na homa, tunashuku kifaduro, na zikiendelea kupanda ni hatari kwa moyo na mapafu. Uthibitisho hutoka kwenye ute wa nyuma ya pua, lakini dawa haisubiri majibu. Ampisilini na jentamaisini tunazoanza nazo kwa nimonia si dawa za kifaduro. Anahitaji azithromaisini, na mapema: ikichelewa, huzuia tu asiambukize wengine, kikohozi kikaendelea kwa wiki nyingi. Hadi atimize siku tano za dawa, asilale karibu na watoto wengine, sembuse kulala wawili kitanda kimoja, kama tunavyolazimika wodi zikijaa.

Chanjo ya penta, ambayo ndani yake mna kinga ya kifaduro, hapa Tanzania huanza wiki ya 6, kisha ya 10 na ya 14, kwa hiyo mtoto huyu bado hajapata hata dozi moja. Uingereza imewachanja wajawazito dhidi ya kifaduro tangu 2012. Sindano ya pepopunda anayopewa mjamzito kwetu haina kinga hiyo.

Swali la mwisho tunalomuuliza mama ni nani anakohoa nyumbani. Jibu huwa, "Bibi yake, lakini ni mafua tu, wiki ya tatu sasa." Tunaomba bibi aje naye apimwe, na asimbebe mjukuu kwanza.