Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa chuo Marekani anaruhusiwa kupiga kura katika mji anaosomea?

Mwanafunzi wa chuo ana makao mawili: kwa wazazi wake, na bwenini anakolala sehemu kubwa ya mwaka. Siku ya kumchagua diwani, yeye ni mtu wa wapi?

Watu wa sensa walishalijibu swali hili zamani. Tangu mwaka 1950, Marekani humhesabu mwanafunzi pale anapoishi siku nyingi zaidi, yaani kwenye mji wa chuo. Idadi hiyo ndiyo hutumika kugawa viti vya uwakilishi na fedha nyingi za serikali kuu, kwa hiyo mji hunufaika hata na yule asiyemjua meya kwa jina.

Kwenye kura ilikuwa vita. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, majimbo mengi yalitaka mpiga kura awe na miaka 21, hivyo wanafunzi wengi walikuwa nje ya mchezo. Lakini vijana wa miaka 18 walikuwa wakipelekwa kupigana Vietnam bila kuwa na sauti juu ya waliowapeleka. Julai 1971, Marekebisho ya 26 ya Katiba yakashusha umri hadi 18. Mabweni yakajaa wapiga kura. Aprili 1972, huko Ann Arbor, Michigan, chama kidogo kiitwacho Human Rights Party, kilichotegemea sana vijana, kilinyakua viti viwili vya baraza la jiji.

Wenyeji wa miji mingi walishtuka. Hoja yao ilikuwa kwamba mwanafunzi ni mpita njia: atapitisha kodi na sheria ndogo, kisha ahitimu aondoke. Mimi siikubali. Anayeondoka nafasi yake huchukuliwa na mwingine, na wote hulipa kodi ya nyumba ileile na kutembea gizani mtaa ukikosa taa. Isitoshe, mfanyakazi aliyehamishiwa mjini kwa miaka miwili haulizwi atabaki hadi lini.

Mwanafunzi aliulizwa. Katika Kaunti ya Waller, Texas, kipo Prairie View A&M, chuo kilichoanzishwa mwaka 1876 kwa ajili ya Wamarekani Weusi. Miaka ya 1970, LeRoy Symm, afisa wa kodi aliyekuwa pia msajili wa wapiga kura, aliwapa wanafunzi fomu ya maswali. Una mali katika kaunti hii? Gari lako limesajiliwa wapi? Ukimaliza masomo utafanya nini? Waliokuwa wakifahamiana naye au na wasaidizi wake hawakuulizwa maswali hayo. Hapo ndipo dhuluma ilipojificha: sheria moja, milango miwili.

Serikali kuu ilimshtaki. Mwaka 1978 mahakama iliamua kwamba utaratibu huo unavunja Marekebisho ya 26, na Januari 1979 Mahakama ya Juu ya Marekani ikauthibitisha uamuzi huo. Tangu hapo msimamo ni huu: mwanafunzi anayeufanya mji wa chuo kuwa makao yake apimwe kwa kipimo kilekile cha wakazi wengine. Anaweza pia kuchagua kupigia kura kwa wazazi wake, ila si kote kuwili.

Uamuzi wa mahakama haukufunga mjadala Waller. Kuelekea uchaguzi wa mwaka 2004, mwendesha mashtaka wa wilaya alitishia kuwafungulia kesi wanafunzi watakaopiga kura pale. Walikwenda mahakamani, naye akarudi nyuma. Februari 2008 kizuizi kilikuwa umbali: kura ya mapema ilipigiwa Hempstead, makao makuu ya kaunti, kama kilomita 11 kutoka chuoni. Wanafunzi zaidi ya elfu moja walijipanga barabarani, wakatembea kwa miguu hadi huko, wakapanga foleni.