Kidonda chenye chuma chini yake: uangalizi baada ya upasuaji wa mifupa

Mgonjwa aliyewekewa chuma mguuni akikaribia kuruhusiwa, ndugu zake huja na swali lilelile: "Daktari, mbona hujamwandikia dawa ya kukausha kidonda?" Wanamaanisha antibayotiki. Dawa hiyo ameshapewa. Huchomwa kwenye mshipa ndani ya saa 2 kabla ngozi haijakatwa, ili damu iwe imeshaibeba wakati nyama na mfupa viko wazi. Kwa upasuaji safi uliopangwa, kazi yake huishia hapo, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unashauri isiendelezwe baada ya upasuaji kwa ajili ya kinga tu. Vidonge vya wiki nzima havikaushi kitu. Vinawazoesha bakteria kuishi na dawa. Aliyeanguka na bodaboda mfupa ukatokeza nje ana habari nyingine kabisa. Yeye alifika na mchanga wa barabarani ndani ya kidonda, kwa hiyo husafishwa kwenye chumba cha upasuaji, pengine zaidi ya mara moja, na dawa huendelea kwa siku atakazopangiwa.

Shirika hilohilo lilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 11 kati ya 100 wanaofanyiwa upasuaji hupata maambukizi. Kwenye mifupa maambukizi hayo ni mazito kuliko kwingi, na sababu ni chuma chenyewe. Chuma hakina mishipa ya damu. Chembe nyeupe za damu na dawa, ambazo husafiri kwa damu, hazikifikii vizuri. Bakteria wa kawaida wa ngozi, hasa Staphylococcus aureus, wakishakiangukia hujishikiza na kujitengenezea utando wa utelezi, kama ule unaoota ndani ya pipa la maji. Ndani ya utando huo wanaweza kustahimili dozi ambayo ingewaua wakiwa peke yao. Tukiwawahi katika wiki za mwanzo, mara nyingi tunafungua, tunasafisha na chuma kinabaki. Utando ukishakomaa, kwa kawaida chuma hutolewa, na mfupa ambao haujaunga unabaki bila mhimili.

Ndiyo maana kidonda cha mifupa hatukipimi kwa ukubwa. Tone moja la majimaji kwenye goti lililobadilishwa linanitia wasiwasi kuliko mchubuko wa kiganja kizima. Mbele ya muundi ndiko pabaya zaidi: ngozi imelala karibu moja kwa moja juu ya mfupa, hakuna nyama ya kuukinga, na mguu ukivimba nyuzi huvutwa mpaka ngozi inaanza kuwa nyeusi pembeni mwa mshono. Dawa nzuri ya hapo haina bei. Laza mguu juu ya mito au blanketi lililokunjwa, kisigino kiwe juu kuliko kifua, kwa muda mrefu wa siku katika wiki 2 za kwanza. Kukaa kwenye kiti mguu umening'inia ukipokea wageni waliokuja kukupa pole hakuhesabiki kuwa ni kupumzika.

Bandeji ya kwanza iachwe kwa saa 48, isipokuwa imeloa au daktari ameagiza vinginevyo. Atakayeifungua anawe mikono kwa sabuni na maji tiririka kabla na baada, hata kama ni mama mzazi wa mgonjwa. Kidonda kikavu hakihitaji kuoshwa kila siku. Kila kukifungua ni kukialika kitu kiingie. Kikihitaji kusafishwa nyumbani, chemsha maji safi nusu lita, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha yapoe yakiwa yamefunikwa, tumia gozi safi, kile kitambaa chembamba cha kufungia vidonda. Spiriti na haidrojeni peroksaidi ziache: zinachoma nyama changa inayojaribu kuota. Ile kapsuli ya rangi mbili inayopasuliwa unga wake ukamwagwa juu ya mshono nayo iache. Unga unagandamana na majimaji, unatengeneza gamba, na usaha unatunga chini yake tusiuone. Majivu, dawa ya meno na majani yaliyotwangwa tunayakuta bado, na tunayaosha.

Kuoga inaruhusiwa, kuloweka hairuhusiwi. Mguu usiingie kwenye beseni wala baharini mpaka nyuzi zimetolewa, kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14, na mshono umeziba kabisa. Kukanda kwa maji ya moto, jambo ambalo bibi zetu wa Pwani wanalijua sana, kusifanyike juu ya kidonda kibichi.

Sasa dalili. Siku 2 au 3 za mwanzo damu kidogo kwenye gozi, uvimbe na joto kiasi ni mambo ya kawaida, na wekundu wa ngozi kuvilia damu unaweza kushuka mpaka kwenye kifundo cha mguu. Rudi hospitali ikiwa kidonda kinavuja baada ya siku ya 5, kinatoa usaha au harufu, mshono umeachia, homa imepanda juu ya nyuzi joto 38, au maumivu yaliyokuwa yamepungua yameanza upya. Mguu ukikaza kwa maumivu yasiyotulizwa na dawa, vidole vikafa ganzi, hiyo ni dharura ya saa ileile.

Wengi hapa hupitia kwanza duka la dawa, na hapo ndipo tunapopoteza muda wa thamani. Siku 5 za antibiotiki hushusha homa na kukausha uvujaji, mgonjwa akashukuru, huku chini bakteria wakiendelea kujenga. Akifika kwetu mwezi wa pili baada ya upasuaji na kijitundu kinachofunguka na kujifunga, tunachukua sampuli ya kuotesha maabara na mara nyingine haioti chochote, kwa sababu dawa aliyomeza imewaficha. Tunabaki kutibu kwa kubahatisha.

Kabla ya upasuaji mgonjwa naye ana kazi. Oga kwa sabuni usiku au asubuhi yake. Usinyoe eneo hilo kwa wembe. Mikwaruzo midogo ni mlango. Mwenye kisukari adhibiti sukari mapema, na mvutaji aache sigara walau wiki 4 kabla.

Kwa aliyewekewa chuma, maambukizi ya kidonda huhesabiwa hadi siku 90 baada ya upasuaji, na yanaweza kujitokeza hata baadaye. Wakati huo mgonjwa aliyepasuliwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, au ya KCMC, Moshi, huwa ameshafika kwao Kigoma au Mtwara. Asisubiri tarehe ya kliniki wala nauli ya kurudi alikopasuliwa. Aende hospitali ya wilaya au ya mkoa na karatasi ya kuruhusiwa, picha za eksirei, na orodha ya dawa zote alizotumia pamoja na zile za dukani, kisha aombe daktari wa pale awasiliane na waliompasua kabla hajaanzishiwa antibayotiki yoyote, isipokuwa kama hali yake ni mbaya kiasi cha kutoweza kusubiri.