Leseni ya bunduki si haki ya kikatiba

Kila duka linapovunjwa mtaa wa Kondele, Kisumu, au ng'ombe wakiibwa Njoro, Nakuru, hakosi mtu wa kusema: "Kumiliki bunduki ni haki yangu ya kikatiba, serikali imeninyima uhuru." Uchungu wake naufahamu. Ila neno "haki" hapo limekosewa, na limerudiwa mno hadi watu wenye elimu yao wanaliamini.

Haki ya kikatiba unayo kwa kuwa mtu, na serikali ikitaka kuibana lazima ijieleze. Ruhusa unaiomba, ukapewa kwa masharti. Kenya, bunduki ya raia iko upande wa ruhusa.

Bunduki kuwa haki ni jambo la Marekani. Marekebisho ya Pili ya katiba yao, ya mwaka 1791, yanataja wanamgambo na haki ya wananchi kuwa na silaha. Hata wao walibishana miaka mingi kama haki hiyo ni ya mtu binafsi au ya wanamgambo, hadi Mahakama ya Juu Zaidi ilipoamua mwaka 2008, katika kesi ya Heller, kuwa ni ya mtu binafsi. Mahakama hiyohiyo ikaongeza kwamba haki hiyo ina mipaka.

Sasa pitia Sura ya Nne ya Katiba yetu ya 2010, inayoorodhesha haki zetu, kifungu kwa kifungu. Bunduki haimo. Iko katika Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inayosema huruhusiwi kununua wala kuwa na bunduki bila cheti. Cheti chenyewe kinaandikwa jina lako, nambari ya bunduki hiyo moja, na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuweka. Ukionekana mlevi wa kupindukia au huna akili timamu, kinaweza kufutwa. Uhuru wa kuabudu hauna nambari, wala hakuna afisa anayekuhesabia sala.

Wapo watakaoniuliza: na Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyepigana na mkoloni, je? Ni swali zito. Mwaka 1956 shtaka lililompeleka kitanzini lilikuwa la kupatikana na bastola na risasi, wakati walowezi wa huku Bonde la Ufa walikuwa na bastola zao kiunoni. Sheria ya Silaha ilitungwa enzi hizo za mkoloni, aliyetaka kuchagua nani aaminiwe na bunduki na nani asiaminiwe, na Kenya huru ikairithi. Kwa hiyo anayelalamika kwamba vyeti vinawaendea wenye pesa na wenye jina ana hoja, na nitamuunga mkono. Lakini Kimathi aliingia msituni kudai ardhi na uhuru. Bastola ilikuwa chombo cha kudai, si kitu kilichodaiwa.

Kisumu hoja hii ina jeraha lake. Watu wamezikwa kwa risasi za polisi baada ya uchaguzi wa 2007 na tena 2017, na kijana akisema anataka ya kwake ajilinde, simshangai. Lakini Kifungu cha 29 kimelitaja jambo hilo waziwazi: una haki ya uhuru na usalama wako, na ya kutofanyiwa ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Hiyo ndiyo haki iliyovunjwa Kondele. Anayeibadilisha kuwa "haki ya bunduki" anaisamehe serikali deni lake, kwa sababu badala ya kuidai ulinzi na uwajibikaji anaidai cheti.

Basi ukinyimwa cheti, usiseme umenyimwa haki ya kumiliki bunduki. Uliza kama ombi lako lilishughulikiwa upesi, kwa mujibu wa sheria na bila upendeleo, maana hilo Kifungu cha 47 kinakupa, na mahakamani utasikilizwa.