Ziwa Rudolf: jina lililoganda kwenye mafuvu

Sisi tunaopima maji ya maziwa tunasitasita kuliita Turkana, lile ziwa la kaskazini mwa Kenya lililoitwa zamani Rudolf, ziwa la chumvi. Lita moja ina chumvichumvi gramu 2.5 hivi, wakati bahari ina kama 35. Shida yake ni magadi. pH, yaani kipimo cha uasidi au umagadi wa maji (7 ni katikati), iko juu ya 9. Ukinawa, vidole vinabaki na utelezi kama wa sabuni.

Magadi hayo ndiyo yaliyoukaribisha msafara wa Sámuel Teleki, mkabaila wa Hungaria, Machi 1888. Walikuwa wametoka kusini, wakakatiza miamba ya volkano yenye ncha kali huku kiu ikiwaua. Ziwa lilipotokea, watu waliteremka mbio kwa makelele. Luteni Ludwig von Höhnel, mchoraji ramani wao, anasimulia kwamba maji yalikuwa maangavu kabisa, lakini walipoyaonja, yalikuwa machungu. Teleki akalipa ziwa jina la Rudolf, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria. Muda si mrefu wakafika ziwa jingine dogo, kaskazini-mashariki, wakaliita Stefanie, jina la mke wa Rudolf. Mume na mke jangwani! Rudolf mwenyewe alifariki Januari 1889.

Eti Teleki na Höhnel ndio waliogundua ziwa hilo. Kiongozi wao wa njia alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani, na misafara ya Waswahili ilishakuwa na habari za ziwa la Samburu. Wasamburu nao waliyaita maziwa hayo mawili Basso Narok, jeusi, na Basso Naibor, jeupe. Kwa mtu wa fani yangu, majina haya yana maana kuliko yale ya kifalme. Maziwa yote mawili hayana mto wa kutolea maji, na huku jua linakausha zaidi ya mita 2 kwa mwaka. Turkana linaponea Mto Omo wa Ethiopia, unaoliletea takriban asilimia 90 ya maji yake. Stefanie, ambalo Waethiopia huliita Chew Bahir, halina Omo. Likikauka hubaki uwanda mweupe wa chumvi.

Kenya ilibadilisha jina la Rudolf kuwa Turkana mwaka 1975. Hata hivyo, fuvu maarufu la binadamu wa kale lililopatikana Koobi Fora, mashariki mwa ziwa, mwaka 1972 bado limeandikwa KNM-ER 1470: KNM ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na ER ni East Rudolf, yaani Rudolf Mashariki. Cha ajabu zaidi, jina la spishi yake, rudolfensis, lilitolewa mwaka 1986, ziwa likiwa limeshaitwa Turkana miaka 11.