Huo mkate wenye ukungu usipake kwenye kidonda: miaka 19 ya kutafuta dawa ndani ya fangasi

Wiki mbili zilizopita fundi aluminiamu mmoja wa Mabibo alinifata ofisini na mfuko, ndani kuna slesi nne za mkate zimeota ukungu, sehemu kijani sehemu nyeusi. Alijikata kiganjani na grainda, kasikia penisilini ilitoka kwenye ukungu wa mkate, kwaiyo akaona asipoteze hela, amekuja kuuliza tu apake kutwa mara moja au mara mbili. Nikamwambia kaka yangu hapo hamna cha kupaka, nenda hospitali sahivi wakusafishe na wakuchome sindano ya pepopunda, huo mkate niachie mimi.

Sikumcheka. Maswali kama lake napata sana, na kosa ni letu sisi wa labu, tunakuja kwenye redio tunasimulia mwanzo wa stori na mwisho wake, ile katikati tunairuka. Mimi hii kazi nipo nayo mwaka wa 19 na karibu yote ni katikati.

Kwanza tuelewane. Fangasi ni ukungu wa mkate, ni hamira ya maandazi, ni uyoga, ni mapunye ya mtoto, wote ukoo mmoja. Sio mimea. Kiukoo wako karibu na sisi wanyama kuliko na mchicha, ndo maana dawa ya fangasi ni ngumu kutengeneza, ukimpiga yeye na wewe unaumia. Wataalamu wanakadiria kuna aina milioni 2.2 mpaka 3.8 duniani na zilizopewa majina ni kama 150,000 tu. Na kwa sababu fangasi hana miguu ya kukimbia wala meno, akigombania chakula na bakteria silaha yake ni kemikali, anaitoa nje na kumwagia jirani. Sisi tunachofanya ni kuiba hiyo silaha. Ila ye hatengenezi kwa ajili yetu, kwaiyo humo humo kuna dawa na kuna sumu, na kwa macho huwezi kujua ipi ni ipi.

Stori ya Fleming, yule daktari aliyegundua penisilini, mnaijua, 1928, London, karudi likizo kakuta ukungu umeingia kwenye sahani yake na bakteria waliokaribu nao wamekufa. Watu wanaishia hapo. Fleming mwenyewe alishindwa kuitoa ile kitu ikiwa safi na nyingi ya kumtibu mtu, ikakaa miaka zaidi ya 10, mpaka Florey, Chain na Heatley wa Oxford walipoichukua, wakawa wanaotesha ukungu hata kwenye vile vyombo vya wagonjwa vya kujisaidia kitandani. Februari 1941 wakampa polisi mmoja anaitwa Albert Alexander, mwili wake umejaa usaha na jicho moja limeshatolewa. Ndani ya siku chache homa ikashuka, akaanza kula, alafu dawa ikaanza kuisha. Wakawa wanakusanya mkojo wake, wanatoa humo ile penisilini iliyopita mwilini wanamrudishia tena. Haikutosha, akafariki mwezi Machi. Kila nikifundisha hapo huwa nanyamaza kidogo, yani dawa ipo, inafanya kazi, na mgonjwa anakufa kwa sababu hamna gramu za kutosha.

Zingine nitazipitia haraka. Ile sindano ya kuua bakteria inaitwa seftriaksoni, ambayo wengi mmechomwa, ukoo wake ulianzia kwa fangasi aliyepatikana 1945 kwenye maji machafu yanayomwagika baharini pale Cagliari, Italia (nikipita Jangwani ya Dar mvua zikinyesha huwa nawaza mengi). Siklosporini, moja ya dawa za kuzuia mwili usikatae figo ya kupandikizwa, ilitoka kwenye fangasi wa udongo wa Norwei, na mjue Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, kwaiyo mambo ya dawa za aina hii sio ya mbali. Na Mjapani Akira Endo, huyu ndo namheshimu kuliko wote, alipima fangasi kama 6,000 kutafuta kitu cha kushusha kolesteroli, akakipata kwenye ukungu uliotoka kwenye mchele Kyoto. Dawa yake yenyewe haikufika sokoni, iliyofika ni ndugu yake kutoka ukungu mwingine, 1987. Elfu sita alafu sifa ya kwanza dukani inaenda kwa mwingine. Hii ndo kazi yetu.

Sasa ya kwangu. 2011 mimi na mwanafunzi wangu tulienda Kunduchi maji yamekupwa, tukachuma majani ya mchu kwenye mikoko, matope mpaka magotini. Ndani ya jani zima la kijani kuna fangasi wanaishi kimyakimya wala mti hauumwi, hao ndo tunaowataka. Jani unaliosha, unalichovya kwenye spiriti, alafu jiki, alafu maji safi, ili wafe wote walioshika nje, unalikata vipande vya milimita 5 unaviweka kwenye sahani yenye supu ya viazi na sukari iliyogandishwa kwa agari (agari inatoka kwenye mwani, ila sio huu unaolimwa Zanzibar, huo unatoa kitu kingine cha kugandisha kinaitwa karajini). Siku ya 5 unaona unyuzi mweupe unachungulia kwenye ukingo ulipokatwa. Unamhamisha kwenye sahani yake peke yake, unamkuza kwenye chupa wiki tatu, unamkamua kwa kimiminika, unakausha, unabaki na kitu kama gundi ya kahawia chini ya chupa. Kidogo, kama kwenye ncha ya kijiko.

Mmoja wao tulimpa namba 17. Tulimjaribu kwa fangasi wa mapunye, baada ya siku kadhaa tukakuta duara safi kabisa, mapunye hayajaota, kuzunguka kidonge chake, milimita 22, mwanafunzi wangu alipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Miezi 14 tukatenganisha kemikali zake moja moja, mara kwa safu ya unga wa silika, mara kwa kibao, mara kimiminika kimeisha dukani tunasubiri meli, mpaka tukapata chembe nyeupe tukazituma nje kupimwa. Majibu yakaja kwa imeili usiku. Kwenye grafu ya uzito wa molekuli kuna vilele viwili, 353 na 355, cha pili kama theluthi ya cha kwanza. Mtu wa kemia akiona hivo anajua humo kuna klorini, na klorini kwenye kitu kilichotengenezwa na kiumbe cha msituni sio jambo la kila siku. Nikasimama. Nikakaa. Nikafungua databesi, dakika kumi nikawa nimeshajua.

Griseofulvini. Dawa ya mapunye, kemikali yenyewe inajulikana tangu 1939, ipo kwenye duka la dawa chini ya nyumba yangu. Mi mwenyewe nilipewa nikiwa darasa la tatu.

Ikitokea hivo hulii, unaandika kwenye daftari unaendelea na namba 18, na sasa tunapima uzito wa molekuli mapema kabla ya kupoteza mwaka. Na kwa kuwa nimeitaja, wazazi nisikilizeni, griseofulvini mtoto anakunywa na chakula chenye mafuta ndo inaingia vizuri mwilini, na dozi yake inaenda wiki 6 mpaka 8 hivi na wakati mwingine zaidi kama daktari alivosema, sio mnaona nywele zimeanza kuota wiki ya pili mnaacha. Mjamzito haruhusiwi kabisa.

Kuna kingine watu hawakijui, kutunza. Taasisi niliyokuwa zamani umeme ulikatika Ijumaa jioni, jenereta haina dizeli na mlinzi hakuwa na namba ya mtu yeyote. Jumatatu tukakuta friza la nyuzi 80 chini ya sifuri linachuruzika sakafuni. Kazi ya miaka minne. Sahivi kila fangasi nina nakala yake ndani ya kichupa cha maji yaliyotakaswa, kimefungwa vizuri, kipo kabatini tu hakihitaji umeme, na wengi wanakaa hivo miaka na ukiwarudishia chakula wanaamka. Njia ya kizamani, ya bure, na hakuna aliyenifundisha chuoni.

Kwaiyo mtu akikwambia uyoga fulani wa unga umethibitishwa unaua vijidudu, muulize umeua wapi. Kwenye sahani hata chumvi inaua, hata pombe inaua. Bado hujajua kama itaua ikiwa ndani ya damu, kama itaacha ini na figo salama, na mgonjwa anywe kiasi gani. Watu wa Dodoma na Manyara 2016 hawakula ukungu kwa makusudi, walikula mahindi yao wenyewe yenye sumukuvu, yani sumu inayotolewa na ukungu, wapatao 20 wakafariki, na kupika hakukusaidia kwa sababu sumu hiyo haiishi kwa moto wa jikoni.

Tuje kwa fundi. Alipigwa nyuzi tano, alinitumia picha. Mkate wake niliutia kwenye otoklevu, lile sufuria la mvuke la kuua vijidudu, digrii 121, ukaenda kwenye taka, ila kabla ya hapo nilichovya sindano kwenye ile sehemu ya kijani nikaotesha, tabia haiishi. Ukungu wa penisilini ukiuweka kwenye hadubini vichwa vyake vinafanana na ufagio wa chelewa. Ndugu yake anayetoa sumukuvu ana kichwa cha mviringo chenye mvua ya mbegu, kama kile chombo anachorushia padri maji ya baraka, na jina lake la kisayansi lilitoka huko. Siku ya 4 nikaweka kioo, nikakaza macho.

Sikuona ufagio.