Kabla hujampeleka mtoto kukatwa kimeo: maswali kuhusu pua, kinywa na koo

Mimi ni muuguzi katika zahanati moja nje ya mji wa Dodoma, upande wa Chamwino. Kuanzia Juni hadi Septemba, upepo unapopiga na vumbi kuingia hadi kwenye sufuria ya mboga, foleni yetu hujaa watu wa mafua, makoo na damu za pua. Haya ni maswali ninayoulizwa chumbani, mengine mara tatu kwa siku moja.

Nesi, mimi nimekuja na homa. Mbona unanimulika mdomoni?

Kwa sababu ndani ya kinywa mwili haujifichi. Sisi wenye ngozi nyeusi, upungufu wa damu au umanjano hauonekani upesi usoni. Lakini nikigeuza mdomo wa chini nikakuta ndani kumepauka, najua damu yako inahitaji kupimwa. Ukiinua ulimi nikaona umanjano chini yake, naanza kufikiria ini. Ulimi ukigeuka rangi ya bluu, hewa haitoshi, na hapo sisubiri foleni. Surua nayo huanzia humo: siku moja au mbili kabla ya vipele kutoka, hutokea vidoa vyeupe vidogo kama chembe za chumvi ndani ya mashavu, mkabala na magego. Tukiviona mapema tunamtenga mtoto kabla hajaambukiza wenzake kwenye benchi.

Hata harufu inasema. Pumzi ya mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa hunukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Mnaangalia nini hasa, na kwa utaratibu gani?

Kwanza nauliza: limeanza lini, unameza vizuri, unavuta sigara au unatumia ugoro, umeshameza dawa gani. Naosha mikono, navaa glovu. Kwenye pua, nakuomba uzibe tundu moja uvute hewa kwa jingine, kisha tunabadilisha. Nanyanyua ncha ya pua kwa kidole gumba na kumulika. Ndani panatakiwa pawe na unyevu na rangi ya waridi. Pakiwa pekundu na pamevimba, mara nyingi ni maambukizi. Pakiwa pamepauka na maji mepesi yanatiririka, mara nyingi ni mzio, na vumbi letu la hapa linatupatia mzio wa kutosha. Nabonyeza juu ya nyusi na kwenye mashavu kujua kama mifuko ya hewa ya uso inauma.

Kinywani natoka nje kwenda ndani: midomo, fizi, meno, mashavu kwa ndani, ulimi juu na chini, kaakaa. Pembeni na chini ya ulimi sipapiti haraka, kwa sababu saratani ya kinywa hupenda kuanzia huko, na mwenyewe hujioni. Kijiti cha kukandamizia ulimi nakiweka upande mmoja, siyo katikati kwa nyuma, ili usitapike. Ninapokwambia "sema aaa", nataka kuona kaakaa laini na kimeo vikipanda sawasawa. Kimeo kikielemea upande mmoja, huenda mshipa wa fahamu umedhurika, au kuna jipu pembeni linakisukuma. Namalizia kwa kupapasa tezi za shingoni. Yote hayo ni kama dakika tatu, labda tano akiwa mtoto mwenye hasira.

Mwanangu anakohoa usiku hadi anatapika. Mama mkwe anasema ni kimeo, akakatwe. Nifanyeje?

Dada yangu, usimpeleke. Najua bibi anampenda mjukuu wake, na huenda hata wewe ulikatwa utotoni, kwa hiyo nisikilize hadi mwisho.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Kila mtu kazaliwa nacho. Ukimeza, kaakaa laini hunyanyuka pamoja nacho na kuziba njia ya juu ili chai isikutokee puani. Mtoto akipata mafua, koo lote huvimba, na kimeo nacho kinavimba kikaonekana kirefu. Anayemmulika anasema, "Hicho hapo ndicho kinachomkwaruza." Lakini kimevimba kwa sababu ya ugonjwa uleule unaomkohoza. Anakatwa, baada ya wiki moja au mbili mafua yanakwisha, kama ambavyo yangekwisha bila wembe, na aliyekata anachukua sifa.

Anachobaki nacho mtoto ni hatari: damu isiyokata, ambayo anaimeza na wewe huioni, usaha kooni, pepopunda, virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini, ikiwa kifaa kimepita kwa wengine. Nimewahi kumpokea mtoto wa miaka 2 aliyekatwa asubuhi. Jioni mama yake alidhani amelala. Alikuwa ameishiwa damu. Tulimkimbiza hospitali ya rufaa, akaongezewa damu, akapona. Rangi ya ulimi wake sijaisahau.

Kikohozi kitafutiwe sababu. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi: hizo ni za haraka, huenda ni nimonia, mlete leo. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta hewa, mlete sasa hivi, hata usiku. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi tunakipima kifua kikuu, na vipimo na dawa zake ni bure. Kinachomjia usiku na mlio wa filimbi kifuani huenda ni pumu. Mama mkwe naye mje naye. Nitampa tochi aangalie kimeo changu mimi mwenyewe, ndipo tuzungumze.

Na meno ya nailoni, yale yanayosemwa yanaleta homa na kuharisha, yang'olewe?

Ni mbegu za meno ya utotoni zilizo ndani ya fizi, laini na nyeupe kwa sababu hazijakomaa. Hazileti homa wala kuharisha. Ukizing'oa, unaweza kuharibu hata meno ya ukubwani yanayosubiri chini yake. Mtoto anayeharisha anahitaji ORS na zinki.

Kila kiangazi kijana wangu anatoka muhina, damu ya puani. Namlaza chali na kummwagia maji kichwani. Nakosea?

Shikamoo mzee. Kumlaza chali ndipo penye kosa, kwa sababu damu inarudi kooni, anaimeza, kisha anatapika na nyumba nzima inaingia hofu. Mkalishe, ainamie mbele. Abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili, chini ya mfupa, na apumue kwa mdomo. Abane dakika 10 mfululizo akitazama saa, bila kuachia ili achungulie. Kuchungulia ndiko kunakowashinda wengi.

Damu nyingi za pua hutoka mbele, kwenye ukuta wa katikati, ambako mishipa midogo imekutana karibu na juu. Hewa yetu kavu inaukausha ukuta huo, unapasuka, anachokonoa magamba, damu. Apake mafuta ya vaselini kidogo sana kwa mbele asubuhi na jioni, akate kucha, avae barakoa akiwa kwenye bodaboda. Ikipita dakika 20 bila kukata, au kama ameumia kichwani, au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, njooni haraka. Na wewe mzee, kama inakutoka pia, lazima tukupime presha.

Mtoto ana makamasi yanayonuka, tundu moja tu.

Mpaka nione vinginevyo, naamini kuna kitu humo: harage, shanga, kipande cha sponji la godoro. Usikitoe kwa kibanio cha nywele, utakisukuma ndani. Kikiwa ni kile kibetri cha duara cha saa au mwanasesere, usingoje kesho. Kinaunguza ukuta wa pua ndani ya saa chache.

Koo likiuma, si ninunue tu dawa dukani?

Makoo mengi yanaletwa na virusi, na antibayotiki haivigusi. Maji ya chumvi ya uvuguvugu ya kusukutua, maji mengi ya kunywa na parasetamo vinatosha. Lakini nikimulika nikakuta mafindofindo, tonsesi kama wengi tunavyosema, yamevimba na yana madoa ya usaha, tezi za shingoni zinauma, homa ipo na kikohozi hakipo, nashuku bakteria. Hapo dozi ni lazima, na imalizwe. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 aliyetibiwa kwa nusu karatasi ya vidonge anaweza, wiki chache baadaye, kupata homa inayoshambulia vali za moyo. Kumaliza dozi kunagharimu kidogo sana ukilinganisha na kufanyiwa upasuaji wa moyo.

Anayetokwa udenda kwa kushindwa kumeza, au anayekoroma kila anapovuta hewa, msimwingize kijiko mdomoni kumchungulia. Koo linaweza kujifunga palepale. Mwacheni akae anavyopenda, mumlete. Utando wa kijivu ulioshika kooni unanifanya nishuku dondakoo, kwa hiyo kadi ya chanjo ije naye.

Meno yangu yana madoa ya kahawia, na mswaki napiga kila siku.

Ulikulia wapi? Ukinijibu Singida, au kijiji fulani cha huku kwetu chenye maji ya kisima kirefu, nafikiria floraidi. Inaingia kwenye jino wakati likijengwa ndani ya taya, utotoni, kwa hiyo haisuguliki. Msiwaone watu hao kuwa wachafu. Kuchemsha maji hakuiondoi, kunaizidisha. Kwa watoto wadogo, maji ya mvua yaliyovunwa vizuri ni bora zaidi.

Nina kidonda mdomoni hakiumi.

Kisichouma ndicho kinachonitia wasiwasi. Kikizidi wiki 2 hakijapona, hasa kwa mtumiaji wa ugoro au sigara, njoo tukupe rufaa. Mtu mzima mwenye utando mweupe unaotoka ukifutwa tunamshauri apime VVU na kisukari. Kwa mtoto mchanga mara nyingi ni fangasi tu, na inatibika.

Nikija nijiandae vipi?

Meno ya bandia tutayatoa, kwa hiyo usione haya. Njoo na maganda ya dawa ulizomeza. Usisugue ulimi asubuhi hiyo, maana nataka kuuona ulivyo. Rangi ya mdomo ifute kabla hujaingia.